Ninaenda Uswidi kusaidia kulea wajukuu: nitakuwa koko (bibi) au mgeni?

Swali: "Mimi ni mjane, naishi Bagira, hapa Bukavu. Nimelea watoto saba, na wawili wa marehemu dada yangu. Binti yangu wa nne yuko Uswidi, mji wa Göteborg, na mume wake ni Mkongomani mwenzetu. Wana kijana wa miaka 9, msichana wa miaka 4 na mtoto mchanga wa miezi 5. Wameniombea viza ya miezi mitatu nikawasaidie. Lakini kila tukiongea kwa simu ni masharti: Mama, huku hatupigi mtoto. Mama, usimwache mkubwa amlinde mdogo. Mama, mtoto analala kitandani kwake. Juzi nilimsikia yule wa miaka 4 akimwambia mama yake 'sitaki', na mama yake, badala ya kumkaripia, akamwuliza kwa nini! Na mwezi ujao eti binti yangu anarudi kwenye masomo yake ya uuguzi, mkwe wangu ndiye atakayebaki nyumbani na mtoto. Watu wa kanisani wananiambia kule serikali inanyang'anya watoto wa Waafrika. Nieleze: hao wanalea au wanaharibu? Na mimi nitakaa pale kama koko wa watoto au kama mgeni?"

Jibu: Mama, asante kwa kuandika bila kuficha. Swali lako analo kila mzazi wa Bukavu ambaye mtoto wake amekwenda kuzalia mbali, na wengi hawaulizi mpaka wamefika kule na wamekwisha kukosana na binti yao.

Nikujibu kwanza kwa kifupi: hawaharibu watoto. Ila wanalea wakiwa wawili tu, na karibu kila sharti unalolisikia kwenye simu, hata lile linalokuudhi zaidi, limetokana na huo uchache wa mikono.

Kumbuka ulivyolea wewe. Ulipotoka maternite, mama yako au shangazi alikuwa amekwisha kuchemsha maji ya kukukanda. Ukifua, jirani alimshika mtoto. Yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, alimbeba mgongoni huku anaruka kamba na wenzake. Ukienda soko la Kadutu, mtoto alibaki kwenye parseli, yaani kiwanja tunachokaa pamoja, na parseli ina macho kumi. Akifanya utundu avenyi ya pili, habari zilifika nyumbani kabla yake. Tunasema mkono mmoja haulei mwana, lakini wengi wetu hatujawahi kujaribu kulea kwa mkono mmoja, kwa hiyo hatujui uzito wake.

Wataalamu wameliandika jambo hili, tena kwa mfano wa kwetu. Miaka ya 1980 Edward Tronick na Gilda Morelli walifanya utafiti kwa Waefe wa msitu wa Ituri, wakawa wanaandika mtoto mchanga anashikwa na nani, saa kwa saa. Walikuta anapita mikononi mwa watu wengi tangu siku anayozaliwa, hata kunyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, na bado uhusiano wake na mama unakuwa imara. Saikolojia ya Ulaya na Marekani ilikuwa imezoea kufundisha kwamba mtoto anahitaji mama mmoja asiyebanduka. Ituri iliwalazimisha kufikiri upya. Basi njia yetu si ya kijinga, na mtu asikwambie hivyo, hata binti yako.

Sasa nenda Göteborg. Kama hakuna tatizo, hospitali inamruhusu mama kurudi nyumbani siku moja au mbili baada ya kujifungua. Anapanda ghorofani, anafunga mlango, na jirani wa mlango wa pili hajui hata kama kuna mtoto. Mwezi wa Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni. Shangazi hayupo, mama mkwe hayupo, yaya mkubwa ana miaka 9 na yuko shuleni. Aliyekuja kukaa mahali pa hao wote ni serikali.

Na imekaa kweli kweli. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani, mwaka 1974, kuwapa baba na mama likizo ya uzazi ya kugawana badala ya likizo ya mama peke yake. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na 390 kati ya hizo malipo yake yanafuata mshahara wa mzazi. Kila mwezi inaingia posho ya mtoto, kronor 1,250, mpaka afike miaka 16, kwa tajiri na kwa maskini. Akitimiza mwaka mmoja ana haki ya nafasi katika shule ya watoto wadogo, na mtoto wa kwanza halipiwi zaidi ya kama kronor 1,700 kwa mwezi. Akiugua, mzazi anabaki naye nyumbani na bima ya jamii inamlipa sehemu kubwa ya mshahara. Kliniki ya kupima watoto, hii tunayoiita CPS, ni bure, na muuguzi anawatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Hapa Congo sheria ya kazi inampa mama wiki 14, nane kati yake baada ya kujifungua, lakini hizo ni za mwenye mkataba. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale Muhanzi likizo yake anapewa na dada yake.

Serikali ile imekufikiria hata wewe. Tangu tarehe 1 Julai 2024 mzazi anaweza kumpa mtu mwingine, koko akiwemo, mpaka siku 45 za likizo yake, na huyo akalipwa kwa kukaa na mtoto. Usianze kupiga hesabu, Mama: lazima uwe umeandikwa kwenye bima ya jamii ya Uswidi, na mwenye viza ya miezi mitatu hayumo.

Lakini anayekaa mahali pa shangazi huchukua pia haki ya shangazi, yaani haki ya kuingia na kusema "inatosha". Hapa ukimchapa mtoto mpaka analia vibaya, jirani anagonga mlango. Kule anayegonga ni mfanyakazi wa huduma za jamii. Mwalimu, daktari na muuguzi wana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wakihofia kwamba mtoto anateseka nyumbani. Taarifa hiyo haimwondoi mtoto. Wazazi wanaitwa, wanasikilizwa, na mara nyingi mambo yanaishia kwenye msaada waliokubali wenyewe: mshauri wa malezi, mtu wa kuja nyumbani, kikundi cha wazazi. Kumchukua mtoto kwa nguvu kuna sheria yake ya mwaka 1990, na mwenye kuamua ni mahakama. Wazazi wanapewa wakili. Kwenye hatari kubwa mtoto anaweza kuondolewa kwanza, lakini hata hapo mahakama inapaswa kuthibitisha upesi.

Haya wanayokwambia kanisani yamepita njia ndefu. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 mitandao ilijaa maneno kwamba Uswidi inateka watoto wa wageni, hasa wa Waislamu, na serikali yao ilitoka hadharani kuyakanusha. Sisemi hakuna familia ya Kiafrika iliyowahi kuumia. Mzazi asiyejua lugha, akiwa mbele ya mfanyakazi asiyejua desturi yake, anaweza kuonekana mkali kuliko alivyo. Ndiyo maana masharti ya binti yako hayakulengi wewe: anaogopa kwa niaba yenu wote.

Juu ya fimbo sitakuzungusha. Usimpige mjukuu, hata kofi dogo la mkononi, hata binti yako mwenyewe akichoka akakwambia "mfundishe kidogo huyu". Tangu tarehe 1 Julai 1979 sheria inakataza kumpiga mtoto nyumbani, na Uswidi ilikuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kifungu chenyewe kiko katika sheria ya familia na hakina adhabu, lakini kumpiga mtoto kunahesabiwa kama kumpiga mtu mzima, na hilo ni kosa la jinai.

Usidhani walizaliwa wapole. Shule zao za msingi ziliacha viboko mwaka 1958 tu, na miaka ya 1960 karibu nusu ya watu wa kule bado waliamini mtoto halelewi bila kuchapwa. Wale wamisionari wa Kipentekoste waliofika Kivu miaka ya 1920, ambao kazi yao ilizaa kanisa la CEPAC linaloendesha hospitali ya Panzi, walitoka Uswidi ya fimbo. Sheria ya 1979 ilipopita, serikali iliichapisha kwenye maboksi ya maziwa, ili mama, baba na mtoto waisome pamoja mezani asubuhi. Sisi tuna Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto dhidi ya ukatili na kumwadhibu hata anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria tunayo. Boksi la maziwa ndilo hatujapata. (Nami huwa nashangaa tunapoitetea fimbo kama urithi wa mababu. Ile ya kulazwa chini na kuhesabiwa viboko ilipitia kwa Bula Matari, yaani serikali ya wakoloni, na askari wake.)

Utamwadhibu vipi basi? Mama, wewe unalo jicho. Mama aliyelea tisa ananyamazisha chumba kizima bila kuinua mkono, na hakuna sheria ya Uswidi inayokataza jicho. Shusha sauti badala ya kuipandisha, mwondoe mtoto kwenye ugomvi, mkalishe karibu nawe mpaka atulie. Usimfungie chumbani, usimnyime chakula, usimtishe kwa shetani wala kwa polisi. Hayo ya kutisha watoto wa kule huyasimulia shuleni siku ya pili yake.

Tuje kwa mtoto mchanga, maana hapo ndipo mtakapogongana kila saa.

Usingizi kwanza. Kliniki zao zinashauri mtoto alazwe chali, na miezi mitatu ya mwanzo alale kwenye kitanda chake, karibu na wazazi, kwa sababu ya vifo vya ghafla vya usingizini. Ulaya ilipoacha kuwalaza watoto kifudifudi, miaka ya 1990, vifo hivyo vilipungua sana. Baada ya miezi hiyo, nikupe siri, Waswidi wengi wanalala kitanda kimoja na watoto wao, hata wa miaka mitatu. Kwa hiyo kitanda cha peke yake si ubaridi wa moyo. Muulize binti yako wao wanafanyaje, na usimchukue mtoto usiku kwenye blanketi zako nzito na mito bila kuulizana.

Kitakachokushtua zaidi ni mchana. Utachungulia dirishani uone kigari cha mtoto kimeachwa nje, theluji iko chini, na ndani yake mjukuu wako amelala fofofo, pua nyekundu. Utataka kupiga yowe. Ingiza kwanza mkono chini ya blanketi, ushike shingo yake: utakuta ni ya moto. Wamemvika sufu, wamemtandikia ngozi ya kondoo, wanamchungulia mara kwa mara. Vizazi na vizazi wamelala hivyo kule, na wanaamini hewa ya nje inampa mtoto usingizi mzuri. Mimi mwenyewe nisingeweza, lakini sijaona sababu ya kitaalamu ya kugombana nao.

Kitenge beba, tena viwili. Kumbeba mgongoni hakukatazwi popote, na siku hizi wazazi wa Kiswidi wenyewe wananunua vitambaa vya kubebea kwa bei ambayo ungecheka. Angalia tu uso wa mtoto usizibwe. Kwenye gari ni habari nyingine: hapakatwi, hata kwa dakika tano. Anafungwa kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, na wanaendelea hivyo mpaka karibu miaka 4. Sisi tunaopanda pikipiki ya taksi na mtoto katikati tutaona ni vituko.

Najua pia utataka kumkalisha kwenye beseni, vitenge vimemzunguka, ili ajifunze kukaa. Mkalishe, ukiwa hapo hapo. Charles Super aliwafuatilia watoto wa Wakipsigis nchini Kenya miaka ya 1970, akaona wanakaa na kutembea kama mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani, kwa sababu mama zao wanawafundisha makusudi. Kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha sana, hawakuwatangulia. Kwa hiyo mjukuu asipokaa mapema kama watoto wako, si mgonjwa. Hakufundishwa, basi.

Hapa chini sitanii. Ile pwari, kile kipira cha kumsafishia mtoto tumbo kwa njia ya haja kubwa, iache Bagira. Hata ningekukuta hapa Bukavu ningekuomba uitupe, maana nimeona watoto waliokaushwa maji na kuunguzwa matumbo kwa dawa za majani zilizopitishwa humo. Usimpe mchanga maji wala uji kabla binti yako hajakubali: maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6, ushauri wa hapa na wa kule ni mmoja. Asali usimpe mpaka atimize mwaka.

Utaona kitu kingine na utadhani binti yako amerukwa akili kidogo. Anamkalisha mtoto wa miezi 5 mbele yake, macho kwa macho, anamwuliza: "Taa iko wapi? Unaiona? Ndiyo, ile!" Mtoto anatoa sauti, naye anajibu kama mtu aliyeambiwa jambo. Sisi mtoto akilia tunampa ziwa, tunampapasa, ananyamaza, kazi inaendelea. Robert LeVine alilinganisha akina mama wa Kigusii wa Kenya na akina mama wa Boston akakuta tofauti hiyo hiyo: wa kwanza wanajibu haraka kwa mwili, wa pili kwa maneno na macho. Maelezo yake naona yana nguvu. Mahali ambapo watoto wengi wanakufa, mama kwanza anamtunza mtoto asife. Mahali ambapo hawafi, anaanza kumfundisha kuongea mapema. Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulikuta hapa Congo watoto 104 kati ya 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uswidi hawafiki watano. Binti yako ana nafasi ya kucheza na maneno kwa sababu anajua mtoto huyu ataishi. Wewe hukuwa na uhakika huo.

Sasa yule wa "sitaki". Kwetu mtoto wa miaka 4 ameshaanza kutumwa: lete kijiko, mpelekee jirani chumvi, mshike mdogo wako nitoe sufuria. Tena kutumwa ni heshima. Mtoto asiyetumwa ni kama hayumo nyumbani. (Siku hizi hatumwi mbali. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, akina mama wengi wa Bukavu wanataka watoto ndani kabla jua halijazama.) Huyu wa Göteborg hatumwi dukani, na haachiwi mdogo wake. Ukamwona ni mvivu. Lakini mtazame asubuhi anapovaa. Analaza ovaroli yake ya baridi sakafuni, anaikalia, anaingiza mguu huu, anaingiza ule, anasimama anayumba, anavuta zipu mpaka kidevuni, anatafuta glovu, moja imepotea, anaanza kulia, ananyamaza, anaiona chini ya benchi. Mwalimu wa shule ya watoto wadogo amesimama kando muda wote huo na hamsaidii mpaka aombe. Mikono yako itawasha kumvisha upesi. Izuie.

Kwa hiyo hata wao wanafundisha kujitegemea, tena mapema. Mtoto wetu anajifunza kufanya kitu kwa ajili ya nyumba. Wa kwao anajifunza kujifanyia na kujua anachotaka, kwa sababu kule mbele ataulizwa. Mwalimu ataitwa kwa jina lake la kwanza. Alama hatapewa mpaka darasa la sita, wakati wetu anatangaziwa asilimia na nafasi tangu darasa la kwanza, kwenye proklamasio, mbele ya wazazi wote. Kule ataambiwa "wewe unaonaje?", na asiye na neno la kusema atabaki nyuma. Binti yako akimwuliza "kwa nini hutaki?" hajashindwa naye. Anamzoesha kutoa sababu. Na mara nyingine sababu ipo: lebo ya shati inamkwaruza shingo, na sisi tungemchapa bure.

Hata hivyo hutakiwi kumwachia kila kitu. Usiulize "unataka kuoga?" kama kuoga ni lazima. Uliza "uoge kwanza au tusome kwanza?" Akichagua, amechagua ndani ya uzio uliouweka wewe. Akiinamisha macho unapomsemesha, kwako ni adabu, lakini huko shuleni wanaweza kusoma hofu. Akikutazama usoni, kwao ni adabu. Usimkemee kwa hilo.

Watoto hawa wanaovuka nchi huumia pande zote mbili. Nilimwona kijana mmoja, mtoto wa familia iliyohamia kaskazini mwa Ulaya, amekuja likizo kwa mjomba wake Kadutu. Chakula kimetengwa, watoto wote kwenye sahani moja ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), mjomba kwenye meza yake na kipande kizuri cha samaki. Kijana akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote: "Kwa nini yeye anapata kikubwa?" Nyumba ikanyamaza. Binamu zake walikula haraka haraka wakimaliza sombe, na yeye aliyezoea sahani yake akabaki na njaa kwa sababu hakujua kwamba kwenye sahani ya pamoja mtu huwahi. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Huyo wako wa miaka 9 ndiye atakayekuhitaji kuliko wote, na ndiye utakayeshawishika kumgeuza yaya. Anaweza kumshika mdogo wake ukiwepo. Kumwachia peke yake wewe ukienda dukani, hapana. Haijawekwa kisheria umri wa kuachwa nyumbani, lakini kumwachia mtoto wa miaka 9 mtoto wa miezi 5 hawatalielewa, na baada ya masomo ana mahali pa kukaa na wenzake mpaka wazazi watoke kazini. Kabla ya kusema wanamdekeza, tukumbuke nani hulipa gharama ya yaya hapa kwetu. Ni msichana mkubwa. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu Septemba 2019, lakini minervali, yaani ada, iliondoka, mtoto wa mgongoni hakuondoka. Wapo wasichana wa Bukavu ambao hadi leo wanakosa masomo siku ya soko kwa sababu mama hana wa kumwachia mchanga.

Kosa la kule ni upweke. Nasema hivyo bila kuomba radhi. Mtoto anaweza kukua bila kumwona mzee akiumwa, bila kulala chumba kimoja na binamu, bila kujua ukoo wake unaanzia wapi. Hapo serikali haina cha kuleta, na hapo ndipo unapoingia wewe. Ongea nao Kiswahili tu, hata wakikujibu Kiswidi. Uswidi yenyewe inataka hivyo: sheria ya shule inawapa watoto haki ya kufundishwa lugha ya nyumbani wakipatikana angalau wanafunzi watano wa lugha hiyo katika manispaa na mwalimu anayefaa. Waambie hadithi za ukoo, majina, nani alizaa nani. Mfundishe mkubwa kupika bukari. Sambaza kavu unaruhusiwa kubeba, maana samaki wa matumizi ya nyumbani wanapita mpaka wa Ulaya hadi kilo 20, ila nyama na maziwa watakutupia kwenye uwanja wa ndege.

Umeuliza utakuwa koko au mgeni. Mambo ya usalama na ya sheria ni ya binti yako: usingizi, gari, dawa, mkono. Hapo wewe ni mgeni, na umuulize yeye kabla hujakosea. Hadithi, nyimbo, mgongo, jiko, sala na jicho ni vyako. Mpigie simu kabla ya safari, mkiwa peke yenu, bila spika, mkubaliane hivyo. Mwambie pia akusaidie mbele ya watoto: akikurekebisha, afanye hivyo mkiwa wawili.

Limebaki la mkwe. Unaona aibu kwamba atakaa nyumbani na mtoto huku mke wake anakwenda masomoni, na nadhani umeshapanga kumwondolea mzigo huo ukifika. Usifanye hivyo. Kati ya zile siku 480, kila mzazi ana 90 ambazo ni zake peke yake, na hawezi kumpa mwenzake. Baba asipozitumia, zinapotea, pesa na siku. Waliweka sharti hilo makusudi, kwa sababu baba za Kiswidi nao, likizo ilipokuwa ya kugawana kwa hiari, walimwachia mama karibu yote. Kijana huyo anafanya kazi ambayo hakuna mwanamume wa kwao aliyemwonyesha, na pengine anaifanya vibaya. Ukimkuta saa nne asubuhi amefunga nepi upande, mtoto amempakata, sufuria ya uji inamwagika, zima jiko, umwambie "asante baba", ukae chini. Nepi mwonyeshe kesho, akikuuliza.